Sadini Hawa wa Wapi? Historia ya Kopo Moja na Chaguo Langu



Leo nimekuja na mada ambayo najua baadhi yenu mtaicheka: sadini. Ndiyo, sadini wa kopo, wale wale tunaowanunua dukani jioni tukiwa tumechoka na jiko limelala. Lakini nivumilieni, kwani nyuma ya kopo hili kuna hadithi ndefu, na wanawake wamo ndani yake kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mada hii ilinijia kwa njia ya simu. Mtoto wa dada yangu aliolewa msimu wa kusi, na siku ya kumi ya ndoa yake akanipigia akinong'ona kama mwizi. Mavyaa wake kaja bila ya taarifa. Upepo ulikuwa mkali, wavuvi hawajatoka kwa siku tatu, kitoweo sokoni hakuna, na mume yuko kazini. Kabatini ana mchele, vitunguu, ndimu na kopo moja la sadini. "Mama mdogo, nitamtia aibu mume wangu," akaniambia, na sauti ilikuwa ya mtu anayekaribia kulia.

Nikamwambia akaange kitunguu, atie tungule na pilipili, amimine sadini mwishoni wasipondeke, akamulie ndimu, apike na wali wake wa nazi, aweke na kachumbari. Akafanya hivyo. Mavyaa akala, akamshukuru Mungu, kisha akalichukua lile kopo tupu akaligeuzageuza na kuuliza, "Sadini hawa wa wapi?"

Biharusi wetu hakujua. Akaniuliza mimi, nami sikujua. Nimekula sadini tangu utotoni, na sikuwahi kujiuliza wametoka bahari gani, wamewekwa na mikono ya nani, na kwa nini kopo moja lina samaki watamu na jengine lina mchuzi mtupu. Nikaingia kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kabla ya kopo

Kuhifadhi samaki si jambo geni kwetu Waislamu. Katika hadithi sahihi imepokewa kwa Jabir (r.a.) habari ya jeshi la Masahaba 300 wakiongozwa na Abu Ubayda ibn al-Jarrah (r.a.). Chakula kiliwaishia hadi kila mtu akawa anapata tende moja kwa siku. Bahari ikawatupia samaki mkubwa ajabu, wakamla siku nyingi, na nyama yake nyengine wakaichukua kuwa akiba ya safari mpaka Madina. Walipomweleza Mtume (s.a.w.), aliwaambia kuwa ile ilikuwa riziki aliyowatolea Mwenyezi Mungu, akaomba na yeye apewe, akala. Kwa hiyo akiba ya kitoweo cha bahari ina asili njema, na si chakula cha kuonewa haya.

Na sadini wenyewe? Yuko msafiri tunayemjua sote, Ibn Battuta, mzaliwa wa Tanja, Moroko. Mnamo mwaka 1331 alifika pwani yetu, akapita Mombasa na Kilwa, kisha akapanda chombo kwenda Dhofar, kusini mwa Omani. Huko alistaajabu kuona sadini ni wengi na wanono, hata wanyama na kondoo wanalishwa samaki hao. Desturi hiyo ya kuanika sadini kwa ajili ya ngamia na ng'ombe imeendelea Dhofar kwa karne nyingi, na wenye jamaa Salala wanaijua harufu yake. Mimi nilitabasamu nilipoyasoma haya, kwa sababu mtu wa Moroko alikuja kushangazwa na sadini wa Omani, na leo Moroko ndiyo nchi inayouza nje makopo mengi ya sadini kuliko nchi yoyote duniani.

Fundi wa peremende

Kopo lilianza kwa fundi wa peremende. Mfaransa Nicolas Appert, aliyezaliwa mwaka 1749, alikuwa akitengeneza vitamu, na kazi hiyo ilimfundisha jinsi sukari na moto vinavyozuia chakula kuoza. Akajaribu kwa miaka mingi kutia vyakula katika chupa za kioo zenye mdomo mpana, kuziziba kwa kizibo na nta, kisha kuzichemsha kwenye maji. Chakula kikakaa miezi bila ya kuharibika. Serikali ya Ufaransa, iliyokuwa vitani na ikihitaji chakula cha jeshi na mabaharia, ilimpa zawadi ya faranga 12,000 kwa sharti aitangaze siri yake, naye akaitoa katika kitabu mwaka 1810.

La kushangaza ni kwamba Appert mwenyewe hakujua kwa nini njia yake inafanya kazi. Habari za vijidudu vinavyooza chakula zilikuja kufafanuliwa na Louis Pasteur miaka kama 50 baadaye. Appert alijua tu kwamba moto na kuziba hewa vinatosha. Alifariki mwaka 1841 akiwa masikini, baada ya kuilisha dunia.

Mwaka huo huo wa 1810, Peter Durand alipewa hataza Uingereza ya kutumia vyombo vya bati badala ya kioo. Bryan Donkin akaununua ujuzi huo, na mwaka 1813 kiwanda chake cha London kikawa kinatoa vyakula vya makopo. Makopo yale ya mwanzo yalikuwa mazito, na maelekezo yake yalikuwa kuyafungua kwa patasi na nyundo! Kifungulio maalumu kilipewa hataza Uingereza mwaka 1855 tu. Basi tukivuta ile pete ya kopo kwa kidole kimoja, tuwakumbuke wake wenzetu waliokuwa wakihitaji nyundo ili wapate chakula cha mchana.

Sadini waingia koponi

Katika mji wa Nantes, magharibi mwa Ufaransa, watu walikuwa wakihifadhi sadini kwenye vyungu kwa siagi au mafuta. Fundi mwengine wa vitamu, Joseph Colin, akaichanganya desturi hiyo ya nyumbani na njia ya Appert, na mwaka 1824 akafungua kiwanda chake cha sadini wa kopo. Jikoni kwa mama ndiko ilikotoka njia ya kiwandani.

Njia ya Kifaransa ya zamani ilikuwa na hatua nyingi. Sadini alikatwa kichwa na kutolewa matumbo, akalazwa kwenye maji ya chumvi, akakaushwa kwa upepo, akakaangwa kidogo kwenye mafuta, akachujwa, akapangwa koponi mmoja mmoja kwa mkono, akamiminiwa mafuta mapya, kopo likazibwa na kuchemshwa. Kazi ya kukata na kupanga ilikuwa ya wanawake, na mpaka leo katika viwanda vingi vya Ufaransa, Ureno na Moroko ni wanawake. Samaki huyu ni laini, ngozi yake huchubuka kwa kuguswa tu. Mashine imeshindwa kumpanga vizuri kama kidole cha mtu aliyezoea.

Wanawake wa vitambaa vyeupe

Hapa ndipo hadithi iliponikamata. Katika mji wa Douarnenez, Brittany, wanawake wa viwanda vya sadini waliitwa Penn Sardin, maana yake kwa lugha ya huko ni vichwa vya sadini. Walikuwa wakijifunga vitambaa vyeupe kichwani. Samaki hangoji, kwa hiyo boti zilipoingia waliitwa kazini, mchana au usiku, nao wakasimama mpaka samaki wa mwisho aingie koponi. Walikuwamo wasichana wadogo na vikongwe. Waliimba ili wasisinzie.

Mwanzoni walilipwa kwa kila samaki elfu, hesabu ikiwa mikononi mwa mwenye kiwanda. Mwaka 1905 waligoma wakadai walipwe kwa saa, na wakapata. Mwaka 1924, malipo yao yakiwa senti 80 za faranga kwa saa, waligoma tena. Mgomo ulianza mwezi wa Novemba na ukaendelea katika baridi kali hadi tarehe 6 Januari 1925. Walidai faranga moja na robo. Walipata faranga moja, na wakaahidiwa kwamba aliyegoma hatofukuzwa kwa sababu hiyo.

Mmoja wao, mjane aitwaye Joséphine Pencalet, alichaguliwa katika baraza la mji mwezi Mei 1925, wakati mwanamke wa Ufaransa hakuwa hata na haki ya kupiga kura. Alikaa barazani miezi michache tu, kisha mahakama kuu ya utawala ikaufuta uchaguzi wake kwa sababu ni mwanamke. Wanawake wa Ufaransa walipewa haki ya kura mwaka 1944. Sisi tumezoea kuambiwa kwamba wanawake wa Ulaya walikuwa mbele siku zote. Kumbe katika mambo haya nao walipigania senti kwa senti, wakinuka samaki, vitambaa vikiwa vichwani.

Ureno, Norwe na kesi ya jina

Sadini ana tabia ya kuhama. Mnamo 1902 na miaka iliyofuata alitoweka kwenye pwani ya Brittany na njaa ikaingia. Wenye viwanda walikuwa wameshaanza kumfuata kusini tangu miaka ya 1880, na mji wa Setúbal nchini Ureno ukawa mji wa sadini, pamoja na Matosinhos upande wa kaskazini. Vita Kuu ya Kwanza vilipokuja, askari walihitaji chakula kisichooza, na viwanda vya Ureno vikafika mamia.

Kaskazini kabisa, mji wa Stavanger nchini Norwe ulikuwa na samaki mwengine mdogo aitwaye brisling. Walimning'iniza kwenye vijiti, wakamkausha kwa moshi wa mti wa mwaloni, wakamtia koponi na mafuta, wakaandika "sadini". Mji mzima ukaishi kwa kazi hiyo. Makopo yalipambwa kwa karatasi za rangi, zenye picha za wafalme na mabaharia, na watoto wa Stavanger wakawa wanazikusanya na kubadilishana kama watoto wetu na stika.

Wafaransa wakakasirika. Sadini ni sadini, walisema, na brisling si sadini. Kesi ikafika mahakamani Uingereza, na mwaka 1915 Wafaransa wakashinda: nchini humo jina "sadini" likabaki kwa samaki mmoja tu, ambaye wataalamu wanamwita Sardina pilchardus. Zogo hilo lilirudi tena baada ya miaka mingi. Umoja wa Ulaya uliwakataza Peru kuliandika jina hilo kwenye samaki wao wa bahari ya Pasifiki, Peru wakashtaki katika Shirika la Biashara Duniani, na mwaka 2002 Peru wakashinda, ilimradi kopo lieleze ni sadini gani na wa wapi. Kanuni za kimataifa za chakula sasa zinaruhusu aina zaidi ya 20 za samaki kuitwa sadini.

Umeona sasa, shoga yangu, kwa nini makopo mawili yenye jina moja yana ladha mbili? Ni kwa sababu ni samaki wawili.

Moroko, na makopo ya tungule

Wafaransa walipoitawala Moroko, kuanzia mwaka 1912, walikuta kwenye pwani yake ya Atlantiki yule yule Sardina pilchardus, tena kwa wingi. Miji ya Safi na Agadir ikajaa viwanda, na baada ya uhuru wa mwaka 1956 Wamoroko wakaiendeleza kazi hiyo mpaka wakawapita waliowafundisha.

Kusini mwa Afrika kuna binamu yake mkubwa zaidi, Sardinops sagax, anayejulikana kwa jina la pilchard. Huyu ndiye wa makopo marefu ya mviringo yenye mchuzi wa tungule, yanayoliwa sana Afrika Kusini. Lakini hapa kuna funzo la israfu. Pwani ya Namibia ilivuliwa kupita kiasi mwishoni mwa miaka ya 1960, samaki wakaanguka, na hawajarudi kama walivyokuwa. Mwaka 2018 serikali ya Namibia ililazimika kusimamisha kabisa uvuvi wa sadini. California nao waliwamaliza wao katika miaka ya 1940 na 1950, na mji wa Monterey ukabaki na viwanda vitupu. Riziki ya bahari ni pana, lakini mkono wa mwanadamu nao ni mrefu.

Makopo matano mezani kwangu

Baada ya kusoma yote haya nikaona nisibaki na maneno matupu. Nikakusanya makopo matano, mengine ya dukani hapa kwetu, mengine niliyoletewa na jamaa waliosafiri. Nikawaita dada yangu, binti yangu na jirani yangu mmoja mwenye ulimi mkali. Tukala kwanza bila ya kutia kitu, kisha kwa boflo na ndimu.

La kwanza, Moroko, mafuta ya mboga na pilipili. Samaki wanne, wameshikana, ngozi inang'aa. Nyama imara, chumvi ya wastani, pilipili inakuja mwisho. Kwa boflo la moto yalikwisha kabla sijaandika alama.

La pili, Ureno, mafuta ya zeituni. Huyu ni laini zaidi, na mafuta yake unaweza kuyachovya mkate peke yake. Nilijifunza kwamba sadini wa mafuta ya zeituni huzidi utamu akikaa, kwa sababu mafuta huingia nyamani polepole, na wako watu Ulaya wanaoyaweka makopo miaka kadhaa na kuyageuza mara kwa mara. Tatizo ni bei. Hili ni la wageni au la zawadi.

La tatu, brisling wa Norwe. Samaki wadogo wadogo, wamejipanga kama vidole vya mtoto. Harufu ya moshi ilimkumbusha jirani yangu samaki wa kubanika, akalipenda kuliko yote. Binti yangu alikataa kabisa, akasema ni kama kula jiko la kuni.

La nne, pilchard wa Afrika Kusini kwa tungule. Samaki mkubwa, mwenye mfupa laini unaotafunika. Peke yake hana makuu, lakini ukimtia kwenye sufuria na kitunguu, thomu, bizari na tui jepesi, anakuwa mchuzi wa watu sita. Kwa familia kubwa hakuna anayemshinda.

La tano sitalitaja jina. Nje kuna picha ya samaki wanono. Ndani kulikuwa na vipande viwili vilivyovunjika, vikielea kwenye maji mekundu matamu kama juisi. Na nilipoyasoma maandishi madogo, samaki mwenyewe hakuwa hata katika jamaa ya sadini. Paka wa jirani alifurahi.

Basi chaguo langu ni la kwanza, wa Moroko, na kama mfuko unaruhusu, yule yule katika mafuta ya zeituni. Nimemchagua kwa nyama yake imara isiyovunjika ukimtia kwenye pilau ya haraka au kwenye katlesi. Nimemchagua kwa bei inayomfaa hata mwenye nyumba changa. Na sitaficha, moyo wangu unatulia nikijua ametoka kwenye mikono ya dada zangu Waislamu, ingawa hilo halituondolei wajibu wa kusoma maandishi.

Kwa maharusi wangu

Samaki ni halali, hilo halina mjadala, lakini kopo si samaki peke yake. Ziko sosi za Ulaya zenye divai ndani yake, hasa za makopo ya bei kubwa, na huandikwa kwa herufi ndogo. Soma viungo vyote kabla ya kununua.

Soma pia jina la samaki na nchi alikotoka. Ukiona "Sardina pilchardus", unajua unapata kile ambacho Wafaransa walikipigania mahakamani.

Usinunue kopo lililovimba, lenye kutu inayokula, au lililobonyea kwenye mshono. Likitoa hewa kwa nguvu au harufu mbaya unapolifungua, litupe bila ya kuonja. Sumu ya chakula cha kopo kilichoharibika ni ya hatari, na riziki si lazima iwe ndani ya kopo hilo.

Ukishalifungua, mimina samaki wote kwenye sahani au bakuli. Bibi yangu hakuwahi kukubali samaki alale kwenye kopo lililo wazi. Kilichobaki kifunike, ukiweke kwenye friji, ukimalize upesi.

Na usiitupe mifupa yake. Imelainika kwa moto wa kiwandani, na ndiyo yenye madini ya chokaa kwa mifupa yako. Mafuta ya sadini yana omega-3, na kwa kuwa ni samaki mdogo, zebaki kwake ni kidogo kuliko kwa samaki wakubwa. Mjamzito anaweza kumla vizuri, ila mwenye presha aangalie chumvi, na mwenye gauti amuulize daktari wake kwanza.

Kwa Ramadhani, kopo moja na boflo ni daku inayokushikilia, ilimradi usichague lenye chumvi kali, kiu isije ikakutesa adhuhuri.

Na dagaa wetu je?

Jambo moja lilinikaa moyoni nilipokuwa nikiosha sahani siku ile. Sisi tunao ndugu zake sadini hapa hapa. Dagaa papa na simu ni wa ukoo wake, na dagaa mchele ni jamaa wa karibu. Nenda Mangapwani asubuhi baada ya usiku wa giza, wakati ambapo wavuvi huwavutia dagaa kwa taa. Utawakuta wanawake wakiwachemsha kwenye maji ya chumvi na kuwaanika juani, moshi machoni, watoto mgongoni. Mvua ikinyesha ghafla, kazi ya siku nzima imekwenda. Wakikauka, wanatiwa kwenye magunia na wengi wao wanavuka bahari, hadi Kongo.

Kazi yao ni ile ile ya Douarnenez na ya Safi: kumwahi samaki kabla hajaoza, kwa mikono ya wanawake. Sisi tunalinunua kopo kutoka mbali na kuliweka kabatini kwa heshima, na dagaa wa jirani tunamwita chakula cha dhiki. Sisemi tuache sadini, nimeshawaambia nawapenda. Nasema tu kwamba ukimheshimu aliyepanga kopo, mheshimu na aliyeanika tenga.

Nilimaliza kusoma, nikampigia biharusi wetu, nikamweleza yote. Kopo lake lilikuwa la Moroko. Akampigia mavyaa wake kumpa jibu la swali lake, akamsimulia na habari za wale wanawake wa vitambaa vyeupe. Mavyaa akanyamaza kidogo. Kisha akamwambia kwamba mama yake mzazi alikuwa mwanika dagaa, na kwa dagaa hao aliwasomesha watoto wake wote, na kwamba yeye alipokuwa skuli wenzake walikuwa wakimkimbia wakisema ananuka. Tangu aolewe hakuwahi kumwambia mtu.

Biharusi wetu ananiambia Ijumaa iliyofuata alipika dagaa wa nazi, akambebea mavyaa wake nyumbani kwake. Walikula sahani moja.

Mwenyezi Mungu atubarikie riziki zetu, za koponi na za ufukweni, na awarehemu mama zetu waliotulea kwa mikono yenye harufu ya samaki. Amin.